Picha Mbele ya Nyumba ya Perpetua

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeipa serikali ruhusa ya kupanua barabara. Wao wanadhani waliamua wenyewe huko ofisini. Waache wadhani. Mhandisi alisimama pale Mlunga, ramani inapeperushwa na upepo, hajui kalavati likae wapi. Akaniuliza mimi. Nikagusa ardhi kwa fimbo. Hapa. Akapiga kigingi palepale. Bila mimi barabara hiyo ingekuwa bwawa la kambare.

Mengine kama kawaida. Chai na viazi vitamu. Bodaboda kutoka Kihonda hadi Mlunga, nimefika jua halijawa kali. Mlima umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Mvua inakuja.

Nyumba zote za kandokando zina X nyekundu. Wathamini walishapita mwaka jana, fidia inakuja, na sasa kuna jambo jipya, mkopo wa nyumba. Fidia ya nyumba ya zamani haijengi nyumba mpya, hilo kila mtu analijua. Basi mradi unamlipia mwenye nyumba kianzio, benki inaongezea, naye analipa polepole kwa riba ndogo mpaka wanawe waoe. Masharti ni haya: nyumba inayovunjwa iwe yako, uwe unaishi humo, usiwe na nyingine. Watu wa Mlunga hawaelewi. Mimi naelewa. Shule niliishia darasa la sita lakini mambo ya benki ninayo kwenye damu. Tangu mwezi uliopita nawapeleka mmoja mmoja kwenye kontena la mradi, kwa Bi Neema, afisa wa mikopo. Wananisubiri barabarani kama wagonjwa wanavyomsubiri daktari.

Peta nitampeleka mwisho. Makusudi, watu wasiseme nimeanza na wangu. Perpetua ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu Skolastika. Mjane, watoto bado wadogo. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na anayemsemea ni mjomba. Baba hana neno pale. Mimi ndiye mdomo wa lukolo letu, yaani ukoo wote, na mashamba, na makaburi. Peta hana haja ya kuhangaika. Nimemwambia, wewe uza njegere zako, mambo ya wakubwa niachie.

Akasema, haya mjomba.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Padre amenipaka mengi kuliko wengine. Ananiheshimu.

Nimempeleka Hamisi kwenye kontena. Hamisi ni fundi cherehani, mtu wa Kigoma, nyumba yake inapakana na ya Peta. Amefunga Ramadhani, midomo mikavu, anaogopa benki kuliko kaburi. Nikamsemea. Nikamweleza Bi Neema jinsi nilivyowahi kumshauri meneja mmoja wa benki kule Dar asiifunge benki yake. Bi Neema akacheka kidogo akamwita Hamisi asaini.

Amekubaliwa. Tulipotoka akaniambia, "Mzee Fide, ungeongea dakika mbili zaidi wangenipa na hilo kontena."

Nimefurahi. Kazi ya mikono yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua usiku kucha. Matope Mlunga mpaka vifundoni.

Bi Neema ana faili la kila nyumba na ndani mna picha ya siku ya wathamini. Nimeona ya Hamisi. Mbaya. Amefumba macho, kibao cha namba amekishika chini huku kama mtu anayejisitiri. Ya kwetu sijaonyeshwa lakini najua ni nzuri.

Siku ile nilisimamia mwenyewe. Peta nilimwambia aende shamba la juu, mambo haya si ya wanawake wenye kabichi za kuvuna. Wathamini wakafika na futi zao za kupimia. Wakauliza, mwenye nyumba nani? Majirani wote wakaniangalia mimi. Nikaingia ndani, nikatoka na koti langu la bluu, lile alilonipa askofu nilipomvusha mto Ruvu mgongoni. Nikasema, mwenye ni mimi. Wakanipa kibao. Wengine walikishika tumboni. Mimi nilikishika juu, kifuani, kama mwanajeshi. Mpiga picha akasema hajaona mwenye nyumba wa namna ile tangu aanze kazi.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Wamesoma majina ya wenye nyumba mbele ya kontena. Jina langu limesomwa kwa sauti. Fidelis. Watu wakageuka. Nikainua fimbo. Nilijisikia vizuri, siwezi kusema uongo.

Nikangoja la Peta. Wakafika mwisho. Halikusomwa.

Nikaingia kwa Bi Neema. Nikamwambia mmemsahau mpwa wangu. Akafungua faili. Nyumba ya Peta iko. Mwenye, Fidelis. Mkazi, Perpetua, mpangaji. Akaniuliza kwa upole, mzee wangu, wewe unaishi hapa Mlunga? Nikasema nina nyumba yangu Kihonda, bati la rangi, kila mtu anaijua. Akaweka kalamu chini.

Basi ndivyo ilivyo. Fidia itakuja kwangu. Mkopo sipati, kwa sababu nina nyumba. Peta hapati, kwa sababu hana nyumba.

Nikamweleza. Sikudanganya wathamini. Kwetu ukiuliza mwenye ni nani, unaletewa mjomba. Ukiuliza mwenye shamba, mjomba. Mwenye binti anayeposwa, mjomba. Hata maiti haitoki ndani mjomba hajasema. Sasa wao walitaka nijibu nini? Bi Neema akasema anaelewa, ila benki haina kisanduku cha mjomba.

Kuna njia. Nisimame kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu, niseme nyumba si yangu, ni ya Perpetua. Mwenyekiti aandike. Nikale kiapo kwa wakili. Halafu nimlete Peta asaini. Yote kabla ya Alhamisi tarehe 27, siku mafaili yanapokwenda benki. Baada ya hapo ni awamu ijayo, na awamu ijayo yeye mwenyewe hajui ni lini.

Mkutano uko Jumapili baada ya misa. Muda upo. Jambo dogo.

Peta alinikuta njiani na beseni la njegere kichwani. "Shikamoo mjomba. Wamesoma?" Nikasema wamesoma, mambo yanakwenda. Akanipa njegere. Nimezila. Hazikuwa na ladha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya mazoezi ya maneno. Nyumba hii si yangu. Mafupi tu. Mke wangu, Mama Rozi, akanisikia kutoka jikoni akauliza nyumba ipi si yangu. Nikamwambia afunike sufuria yake.

Jumapili, 16 Machi

Sikusema.

Naandika haraka nilale. Mkutano ulijaa. Wajomba wa koo zote walikaa mbele kwenye mabenchi, mimi nimewekewa kiti. Nilivaa lile koti la bluu, nililonunua kwa Mwarabu wa Dar ambaye hakuuza jingine kama lile mpaka anafunga duka. Mwenyekiti wa mtaa akauliza, kuna mwenye neno kuhusu nyumba? Nikasimama.

Nikaanza vizuri. Nikasema, ndugu zangu, mtu akikosea ni lazima aseme. Hapo nikamwona mzee Kobelo wa ukoo wa pili ananitazama. Nilishamwambia mara nyingi kwamba nyumba zote za ukoo wetu ziko mkononi mwangu. Ulimi ukageuka. Nikajikuta nasimulia habari za Ngerengere, nilipokuwa mlinzi wa reli, yule simba aliyelala kwenye reli na treni ya mizigo inakuja, nami nikamkalia kitako nikaongea naye taratibu mpaka akainuka akaniachia njia. Kwamba alikosea na akakubali. Watu walicheka mpaka machozi. Mwenyekiti alishikilia mbavu. Nikaketi.

Makofi yalikuwa mengi.

Peta hakuwepo, alikuwa sokoni. Afadhali.

Jumatano, 19 Machi

Mgongo unauma. Sikwenda Mlunga. Si mgongo.

Alhamisi, 20 Machi

Peta amekuja Kihonda mwenyewe. Ameona kiwanja. Kiko huku kwetu, nyuma ya mashine ya kusaga, kwa mzee mmoja anayehamia kwa wanawe. Mzee amekubali kumngoja mpaka mkopo utoke. Amenipeleka kukiona.

Alivua kandambili akapima kwa hatua. Hapa sebule. Hapa watoto. Jiko nje, mbali kidogo, moshi usirudi ndani. Mlango anataka uelekee mlimani ili akiamka ajue kama huko juu mvua imenyesha, kama kabichi zimelowa. Aliongea sana. Peta si mtu wa kuongea. Alikuwa kama alivyokuwa msichana, kabla mumewe Ludoviki hajafa, kabla ya mizigo.

Akauliza, "Mjomba, mimi nisaini lini?"

Nikasema karibu.

Akasema wenzake wote wameshasaini. Nikasema karatasi za kwetu ni kubwa, zinapitia juu zaidi. Akaamini. Mtu akikuamini hivyo unatamani akutukane.

Nimerudi nyumbani nimegombana na Mama Rozi kwa sababu ya chumvi.

Jumamosi, 22 Machi

Hamisi amechimba msingi. Mawe yameshamwagwa. Ananiita fundi mkuu wa mikopo. "Mzee Fide, la kwangu umeliweza. La mpwa wako likoje, mbona kimya, au simba amelala kwenye faili?"

Watu walicheka. Nilicheka na mimi. Kisha nikaenda nyuma ya mgomba nikakaa.

Ninamwogopa nani? Kobelo ana meno mangapi? Lakini nikisema nyumba si yangu, watu watauliza, na shamba la juu? Na kisima? Na ule msitu wa miti ya mbao ninaosema ni wangu? Watanipunguza kipande kipande. Mjomba asiye na kitu ni mzee tu anayeongea.

Jumatatu, 24 Machi

Ameshajua.

Alikwenda kwenye kontena peke yake na kitambulisho chake ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe. Hakunisubiri. Bi Neema akadhani nilishamwambia. Akamweleza yote, na njia ya kurekebisha, na kwamba mimi niliijua tangu tarehe 11.

Akaja moja kwa moja. Nilikuwa nje nanoa jembe. Hakutoa shikamoo. Mwanamke huyu tangu alipoanza kusema, hajawahi kupita mbele yangu bila shikamoo.

Alisimama. Mama Rozi akamletea kigoda, hakukaa.

"Mjomba, kumbe mimi ni mpangaji wako."

Nikasema sivyo, maneno ya ofisi hayo.

"Kodi ya miaka yote hii unanidai kiasi gani? Niambie nianze kutafuta."

Nikasema Peta.

"Mama alifyatua tofali zile akiwa na uvimbe tayari. Mimi nilibeba maji. Wewe ulikuwa Ngerengere na simba."

Akaondoka. Mvua ilikuwa imeanza. Hakukimbia. Alitembea tu ndani ya mvua kama haimhusu.

Mama Rozi amepika, ameniwekea chakula, amegeukia ukuta.

Jumanne, 25 Machi

Nimekwenda kwa mwenyekiti nimemwambia aitishe mkutano. Akauliza kwa nini, tumetoka kukutana juzijuzi. Nikasema kuna neno nililisahau. Akasema kesho jioni, ila kwa mvua hii hatapata watu. Nikasema wakija wawili wanatosha. Hilo halikuwa neno langu la kawaida. Alinitazama.

Jumatano, 26 Machi

Wamekuja wachache. Bati la ofisi ya mtaa lilipigwa na mvua mpaka ikabidi nipige kelele. Nilidhani nitasema taratibu, kwa heshima. Badala yake nimepiga kelele kama mnadi wa mitumba.

Nimesema nyumba si yangu. Ni ya Perpetua. Aliijenga yeye na mama yake. Mimi sikubeba hata tofali moja. Nilisema ni yangu kwa sababu niliulizwa mbele za watu.

Kobelo alikuwepo. Alitazama miguu yake. Hamisi akasema polepole, "Na yule simba alikuwa wa nani?" Hakuna aliyecheka. Nadhani hata yeye alijuta.

Mwenyekiti akaandika, akagonga muhuri. Peta alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, maji yanamchuruzika. Sikumwona alipofika.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Lakini kesho asubuhi wakili, mchana kontena. Tutawahi.

Alhamisi, 27 Machi

Hatukuwahi.

Wakili alikuwa mahakamani. Tulikaa kwenye benchi lake mimi na Peta, kati yetu mfuko wake. Watu waliingia na kutoka. Wakili amekuja saa nane. Nimekula kiapo, nimesaini pale aliponionyesha. Bodaboda moja, watu watatu, matope, dereva akitulaani.

Kontena liko wazi. Bi Neema yuko. Meza yake tupu. Mafaili yameondoka saa sita.

Akapiga simu benki tukiwa tunasikia. Alibembeleza kweli, siwezi kumlaumu yule binti. Alisema mjane, alisema kiapo kiko hapa mkononi mwangu. Kisha akawa anasema ndiyo, ndiyo, sawa. Akaweka simu. Awamu ijayo.

"Mzee wangu, mngekuja hata wiki iliyopita."

Wiki iliyopita nilikuwa na mgongo.

Ili akiweke kiapo, alifungua faili la nyumba yetu, na picha ikatoka. Mimi, koti la bluu, mlango wa Peta, kibao kifuani. Kweli nimetoka vizuri. Bi Neema, labda ili apunguze uzito wa jambo, akasema mzee ulipendeza. Peta akaiomba. Akaiangalia muda mrefu sana. Nilidhani anaangalia uso wangu, anatafuta pa kuutemea mate. Akairudisha mezani, akaigeuza kifudifudi.

Tulipoachana alisema, "Nimwambie yule mzee wa kiwanja asinisubiri." Hakuwa ananiuliza.

Ijumaa, 4 Aprili

Fidia imeingia kwangu. Nimekwenda benki na Peta nimetoa yote, nimempa palepale dirishani bila kugusa. Askari wa mlangoni alidhani nimeibiwa.

Inatosha kuta. Au inatosha kiwanja. Au inatosha bati na mbao. Haitoshi vyote. Ndiyo maana mkopo ulikuwepo. Nimewaeleza watu jambo hili mwezi mzima, kwa mifano, kwa vidole. Leo nimelielewa.

Nimemwambia aje kwangu na watoto. Akasema atakuja akae mpaka Pasaka ipite, kwa ajili ya watoto.

Kiwanja cha nyuma ya mashine ya kusaga kimenunuliwa na mtu wa Dodoma.

Alhamisi, 10 Aprili

Wamevunja.

Peta alitangulia kutoa kila kinachotoka. Bati, mbao, milango, fremu za madirisha, bawaba. Mimi na Hamisi tulipanda juu kung'oa misumari. Bati la kwanza lilinishinda, Hamisi akanipokea bila kusema neno lolote la utani. Hilo liliniuma kuliko utani.

Kijiko, ile mashine ya kuvunjia, kikaja saa tatu. Dereva kijana, amevaa miwani ya jua na hakuna jua. Nilitaka kumwambia namna ya kuanza, upande wa jikoni, taratibu. Nikanyamaza. Alianza upande wa barabara. Ukuta wa Skolastika haukuanguka mara moja. Ulipigwa, ukatikisika, ukasimama. Akaupiga tena. Dada yangu alikuwa anabonyeza kidole gumba kwenye kila tofali kabla halijakauka, alama yake, wafyatuaji wenzake wasimchanganyie. Zilipomwagika niliziona alama zote zile. Vidole gumba kila mahali kwenye matope.

Peta hakulia. Aliokota tofali moja zima, akaliweka kwenye beseni la njegere, akajitwisha.

Vumbi liliniingia machoni. Naandika hivyo, na nani atabisha.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nyumba yangu ina watu kila kona. Bati za Peta zimeegemea ukuta wa nje, mvua ikinyesha zinapiga kelele zenyewe. Watoto wamejifunza kunyamaza nikiingia. Peta anafagia kabla sijaamka, anateka maji kabla Mama Rozi hajasema. Anaishi kama mgeni asiyetaka kukumbukwa.

Ananisalimia habari za asubuhi. Kama mtu wa ofisini.

Mama Rozi amesema neno moja leo, wakati anachambua mchicha. "Baba Rozi, umewasaidia watu wote wa Mlunga." Akaendelea na mchicha.

Jumatano, 23 Aprili

Wamehama. Amepata chumba Mikese, nyuma ya vibanda vya barabara kuu. Atauza matunda kwa wasafiri. Shamba la juu atalifikia mara moja moja, nauli ikipatikana. Shule ya watoto itabidi watafute nyingine. Bati ameniachia nimuuzie. Nimesema nitamtunzia mpaka awamu ijayo. Akasema, fanya unavyoona.

Nyumba ya Hamisi imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Nimepita sikusimama.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda Mikese baada ya misa. Nilitoka na shati tu, mfuko mkononi.

Chumba kidogo. Malori yakipita kuta zinanguruma. Tofali la Skolastika liko mlangoni, linazuia mlango usijifunge. Mlango unaelekea barabarani. Mlima uko upande wa nyuma, ukitaka kuuona unazunguka chooni.

Peta alikuwa anapanga machungwa. Akaniona. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo mjomba."

Nikasema marahaba.

Bi Neema amemwambia jina lake sasa liko kwenye faili, limeandikwa mwenye. Bila tarehe. Nilikula chungwa. Nilipoinuka nilimpa ule mfuko niliokuja nao. Alichungulia ndani, hakushangaa. Akalitoa lile koti la bluu, akaenda kulitundika kwenye msumari uliokuwa wazi juu ya kitanda. Kana kwamba alikuwa ameuacha wazi kwa ajili hiyo.

Basi niandike. Koti si la askofu. Wala la Mwarabu wa Dar. Ni la marehemu Ludoviki, mume wa Peta, alilofungia ndoa. Siku ya wathamini nililitoa chumbani kwake, na sikulirudisha, kwa sababu sina koti, sijawahi kuwa nalo. Lilikuwa linanibana. Vifungo havikufika. Ndiyo maana kibao nilikishika kifuani.